Mwajiri Mdogo, Jiunge na Wenzako Kabla ya Mgogoro

Waajiri wengi ninaozungumza nao hapa Nakuru, na hata Kisumu, huanza kukitafuta chama cha waajiri siku wanapopokea notisi ya mgomo. Wakati huo huwa wamechelewa. Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 inataka notisi hiyo itolewe siku 7 kabla ya mgomo, na hadi kufikia hapo mzozo huwa umeshapitia kwa mpatanishi bila mafanikio, pande zote mbili zimeshatamkiana maneno makali, na hakuna anayetaka kuonekana amelegeza msimamo.

Nimeshughulikia masuala ya wafanyakazi katika mashamba ya maua ya kaunti hii kwa miaka mingi, na baadaye nikaketi upande wa waajiri katika majadiliano ya mishahara. Ushauri wangu ni kwamba ujiunge mapema, tena ujiunge ukikubali kwamba wenzako watakuwa na haki ya kukukosoa. Wengi hudhani faida ya chama ni mawakili wake. Mawakili wanasaidia, lakini nguvu yake halisi ni uwezo wa waajiri kujiwekea kanuni na kushurutishana kuzifuata kabla serikali au mahakama haijaingilia.

Jambo hili si geni kwetu. Shirikisho la Waajiri Kenya, FKE, liliundwa 1959, na mwaka wa 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Leba, waajiri, wafanyakazi na serikali walikubaliana kuhusu Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani, uliotaka malalamiko yapitie kwanza kwenye majadiliano. Mahakama ya Viwanda ilikuja baadaye, 1964. Uswidi ilikuwa imetangulia: mapatano ya Saltsjöbaden ya 1938, kuhusu namna ya kujadiliana na kutatua mizozo ya kazi, yalifanywa na shirikisho la waajiri na lile la wafanyakazi wenyewe, na hadi leo nchi hiyo haina sheria inayoweka kima cha chini cha mshahara.

Katika kilimo cha maua, Chama cha Waajiri wa Kilimo hujadiliana na KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba chenye makao yake makuu hapa Nakuru, kwa niaba ya mashamba mengi kwa pamoja. Shamba dogo hunufaika sana, kwa kuwa jirani yake hawezi kumshinda sokoni kwa kuminya mishahara tu, na makubaliano yakishasajiliwa mahakamani yanawafunga wote waliomo. Tuma kwenye majadiliano hayo mtu mwenye mamlaka ya kukubali na kukataa, na umpe hesabu za kweli. Nimeona majadiliano yakikwama kwa sababu mjumbe alilazimika kumpigia mkurugenzi wake simu kila kifungu kilipoguswa.

Mtihani wenyewe huja mwanachama anapokiuka makubaliano. Mwajiri mmoja aliyekuwa amekubali mkataba wetu aliendelea kuwaandika watu kama vibarua wa siku, mwezi baada ya mwezi, ili nyongeza isiwafikie, ilhali kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinampa kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja ulinzi wa mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi. Baadhi yetu walitaka tumtetee kwa sababu ni mwenzetu. Nilipinga, na ningepinga tena. Tulimwita mbele ya kamati tukamwambia kwamba chama hakitasimama naye kwa afisa wa leba mpaka awape watu hao barua zao za ajira. Alikasirika, akatishia kujiondoa, kisha akazitoa. Chama kinachomtetea kila mwanachama katika kila jambo huwaumiza wale wanaolipa kwa haki, maana ndio wanaobeba gharama ambayo mwenzao anaikwepa, na chama cha wafanyakazi nacho hakitaiamini tena saini ya yeyote kati yenu.

Ndani ya biashara yako pia kuna kazi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakutaka, kabla ya kumfuta mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama chake. Andika utaratibu huo kwa Kiswahili na uubandike mahali wafanyakazi wanapopita.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo waajiri hawapaswi kuachiwa wayaamue peke yao. Sheria inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na mwanamke anayemlalamikia msimamizi wake hapaswi kuambiwa asubiri kamati ya waajiri ikutane. Vivyo hivyo kwa dawa zinazonyunyiziwa maua: mkaguzi wa serikali lazima apate kuingia.

Kabla ya kulipa ada ya uanachama, omba uone kanuni za nidhamu za chama, kisha uulize ni lini mara ya mwisho mwanachama alichukuliwa hatua na kwa kosa gani. Ikiwa kanuni hizo hazipo, jiunge ikiwa bado unaona inafaa, lakini peleka pendekezo la kuziandika katika mkutano mkuu wa kwanza utakaohudhuria.