Pawa so peke yake haitoshi
Mdogo wangu, umeuliza kama wewe na mwenzako mnaweza kuanza kazi ya kukata miti hapa Malindi kwa vile mmeshapata pawa so, yaani msumeno wa mashine. Mnaweza, lakini si kwa mwembe wa uwani uliolalia mabati ya jirani. Huo waachieni wazoefu, tena mwombeni mmoja awachukue muwe mnamvutia kamba na kumbebea matawi huku mkitazama.

Anzeni na mivinje midogo ya shambani, mbali na nyumba. Upande mnaotaka mti uangukie, toeni kipande cha kama robo ya unene wa shina. Kisha kateni kwa nyuma, juu kidogo ya usawa wa pale, na msifike mwisho: acheni ukanda usiokatwa, kama sehemu moja ya kumi ya unene. Huo ndio bawaba inayouongoza mti. Ukiumaliza ukanda huo, mti utakwenda unakotaka wenyewe. Njia ya kukimbilia isafisheni kabla ya kuwasha mashine, nyuma na kando, si nyuma moja kwa moja, maana shina huweza kuruka likarudi.

Mnazi mrefu uliobanana na nyumba hauangushwi mzima. Mkwezi hupanda, hutoa nazi na makuti, halafu shina hushushwa vipande vipande kwa kamba. Kusi ikivuma kwa nguvu, ahirisheni, hata mwenye nyumba akinuna. Nyaya za stima zikigusa matawi, msipande mpaka kampuni ya umeme ikate umeme. Na kibali ulizeni ofisi ya misitu kabla hamjapatana bei.