Koral haitaki haraka

Jioni ya kwanza niliicheza Koral kama ninavyocheza gemu za mpira: vidole mbio, macho yanatafuta mwisho. Nusu saa baadaye nikaizima, nikiamini nimetupa hela. Siku ya tatu nikaifungua tena usiku, taa nimezima, hedifoni masikioni, na ndipo iliponiingia. Kama unafikiria kuinunua, nakuomba uanzie hapo nilipofikia mimi siku ya tatu.

Ilitoka mwaka 2019, ya kompyuta na mashine ya gemu ya Nintendo Switch, kazi ya Mhispania Carlos Coronado. Humo hakuna adui wala kufa. Hata mhusika wa kumwongoza hakuna. Wewe mwenyewe ndiye mkondo wa maji. Unapita kwenye matumbawe, wale viumbe wa baharini wanaojenga miamba, yaliyo hai, unabeba nguvu zake, unayapelekea yaliyofifia, nayo yanawaka rangi na njia inafunguka. Fumbo liko kwenye mpangilio: wapi uzitumie kwanza nguvu ulizobeba, na wapi usubiri. Ukikwama, ondoa mikono kwenye pedi ya kuchezea utazame tu. Mara nyingi nilikuta jibu liko mbele ya macho yangu, nimelipita kwa papara.

Njiani hutokea maandishi mafupi kuhusu bahari. Yasome. Mimi niliyaruka mwanzoni, na nilijuta mpwa wangu wa miaka tisa alipokaa pembeni yangu akauliza, "Mjomba, mbona matumbawe haya meupe?"

Tukazungumza mpaka kioo kikajizima. Ndani ya tumbawe huishi mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho. Ndio unaolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakizidi joto, tumbawe humtoa mpangaji wake huyo, likapauka. Joto likidumu, linakufa njaa. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, bahari ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe yalipauka vibaya Kenya na Tanzania, na kuna sehemu yalikufa kwa wingi. Samaki wanaofika sokoni kwetu wengi wamekulia humo, kwa hiyo kwangu hili si pambo la kwenye kioo.

Ndiyo maana kuna jambo moja sikulipenda: kwenye gemu, tumbawe linapona papo hapo, unalipitia tu na rangi inarudi. Baharini huchukua miaka mingi, na kulishika au kulikanyaga ni kuliumiza. Ukicheza na mtoto, mwambie hilo mapema. Wangu alikuwa ameshanyoosha kidole kuligusa la kwenye kioo.

"Na ya kwetu hapa Tanga, nayo meupe?" akaniuliza.

Sikutaka kumjibu kwa maneno. Jumamosi tunakwenda kwa mashua, na miwani miwili ya kuzamia. Tumeshapatana: tutaangalia kwa macho tu, mikono nyuma.