Wasomaji Wanauliza: Boti ya Kasi kwa Mwambao wa Nyasa

*Wahariri, shikamooni. Nina nyumba ya wageni Matema. Nataka boti ya kupeleka watu wanane na mizigo yao kwenye vijiji vya chini ya Milima ya Livingstone, kilomita kama 40 kwenda na 40 kurudi siku hiyohiyo. Nimeonyeshwa mbili za faiba. Moja ni ya mita 6, tako bapa, mashine ya farasi 60, bei nafuu, na muuzaji anasema inafika kilomita 50 kwa saa. Nyingine ni ya mita 7, tumbo la V, mashine ya farasi 75, bei imechangamka. Nichukue ipi? — Msomaji, Matema*

Marahaba. Chukua ya mita 7, ila usikubali iondoke na hiyo mashine ya 75.

Kuhusu ile ya mita 6, huenda muuzaji anasema kweli. Kilomita 50 kwa saa zinafikika ziwa likiwa shwari na ndani wamo watu wawili. Kazi yako siyo hiyo. Matema iko kichwani mwa ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, na kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusi, ambao jirani zetu wa Malawi huuita mwera, husukuma maji njia yote hiyo hadi mlangoni kwenu. Wimbi la Nyasa ni fupi na limesimama. Hujamaliza kushuka la kwanza, la pili limeshafika. Tako bapa hulipokea kila wimbi kwa upana wake wote. Abiria wanaumia viuno, boliti za viti zinalegea, faiba inaanza nyufa nyembamba kwenye kona za mataruma (mbavu za ndani ya boti), na nahodha mwenye huruma anapunguza mwendo hadi kilomita 12 kwa saa. Boti iliyosifiwa kwa mbio inafika mwisho. Tena upande wenu wa mashariki, ukishapita Ikombe, mlima unashuka moja kwa moja majini. Kuna vipande virefu visivyo na mchanga wa kukimbilia. Kasi ya kumuuliza muuzaji ni ile ambayo boti itaishikilia ikiwa na mzigo wake, kwenye wimbi la nusu mita.

Neno "V" peke yake lisikutoshe. Boti nyingi zina V kali omo, yaani mbele, halafu tezini, yaani nyuma, zimelala kama sinia. Pima nyuma. Boti ikae wima juu ya magogo, kisha laza ubao ulionyooka chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) pale tezini, ukatize kutoka ubavu hadi ubavu. Toka kwenye mkuku sentimita 80 kwenda kando, halafu pima wima kutoka kwenye ubao hadi kwenye tumbo la boti. Ukipata sentimita 29, hiyo ni pembe ya digrii 20, na ndiyo tunayoitaka kwa Nyasa. Ukipata 17, ni digrii 12: inafaa bwawani, siyo kwenye kusi. Ujue pia kwamba V kali huyumba zaidi ikisimama, watu wanapopanda na kushuka, na inadai nguvu zaidi ili ipande juu ya maji, yaani iteleze juu yake badala ya kuyalima.

Hapo ndipo mashine ya 75 inapoelemewa. Hesabu uzito: watu kumi, nahodha na baharia wakiwemo, kilo 750. Mizigo 150. Boti tupu ya faiba ya mita 7, tuseme 800 (dai namba halisi kwa muuzaji). Mashine 175. Petroli lita 90 ni kilo 67. Nanga, betri, makasia na majaketi okozi, kama 60. Umefika tani mbili. Gawa kwa 75, kila farasi anabeba kilo karibu 27. Boti ya mbio hufanya kazi kwa raha farasi mmoja akibeba kilo 15 hadi 20. Ukikaribia 30, pua inabaki angani, tezi inakokota maji, na mashine inanguruma mwisho wake kutwa nzima. Ukifunga farasi 115 unashuka hadi kilo 17. Soma kwanza kibati cha mtengenezaji kilichopigiliwa kwenye boti: kinataja farasi wa juu kabisa na idadi ya watu, na hicho hakibishaniwi.

Mafuta nayo. Mashine ya 115 ya mipigo minne, yaani ile isiyochanganywa oili kwenye petroli, ikikanyagwa mwisho hunywa karibu lita 40 kwa saa. Kwenye mizunguko 4,000 hivi kwa dakika hunywa karibu nusu yake. Kwa mzigo wako weka lita 22. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kilomita 80 ni saa mbili na dakika 40, kwa hiyo lita 60. Ongeza nusu yake: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiyoguswa. Ndizo zile lita 90. Na kwa kuwa petroli inasafiri kwa madumu hadi ufukweni, funga chujio lenye kikombe cha kutenganisha maji kati ya tangi na mashine, na kikombe kimwagwe kila asubuhi.

Kabla hujalipa, jaribu boti na mzigo. Mifuko 15 ya saruji ya kilo 50 ni watu kumi; ipange pale watu watakapokaa, usiirundike yote nyuma. Kanyaga mafuta hadi mwisho na usome takometa, kile kipimo cha mizunguko. Kitabu cha mashine kinataja mizunguko inayotakiwa, mara nyingi 5,000 hadi 6,000. Ikigota 4,700, pangaboi lina mwinamo mkubwa mno, yaani linajaribu kusonga mbele mbali mno kwa kila mzunguko; mwinamo hupimwa kwa inchi. Shuka inchi 2, kwani kila inchi hubadili mizunguko kama 150 hadi 200. Ukiliacha hivyo, mashine inafanya kazi ya kupanda mlima kwa gia kubwa: joto, masizi kwenye pistoni, na kifo cha mapema.

Leseni na ukaguzi wa TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, viwe tayari kabla ya abiria wa kwanza. Majaketi okozi yavaliwe. Yakikaa chini ya kiti hayamwokoi mtu.

*Nimepata boti ya mita 5.5 iliyotumika baharini Dar es Salaam, mashine ya 40. Nataka kuipeleka Kyela. Nikague nini? — Msomaji, Iringa mjini*

Anza na ubao wa tezi, ule unaobeba mashine. Ndani ya faiba mara nyingi mna plaiwudi, na maji huingia kwenye matundu ya boliti yakaiozesha kimyakimya. Gonga kwa mpini wa bisibisi, sentimita chache chache. Sauti kavu, ngumu, ni nzima. Sauti iliyofifia kama ya kugonga papai bivu, pameoza. Kisha inyanyue mashine, ushike mguu wake na kuukandamiza chini kwa uzito wako. Ubao ukicheza hata kidogo, achana nayo, kwa sababu kuutengeneza ni kuukata wote na kujenga upya.

Pima kimo cha tezi. Sentimita 38 ni ya mashine ya shafti fupi (mguu mfupi), 51 ni ya shafti ndefu. Bamba lililo juu ya pangaboi likae usawa wa mkuku au sentimita mbili tatu chini yake. Shafti fupi kwenye tezi ndefu huvuta hewa: kwenye wimbi au kona kelele inapanda, mwendo hauongezeki. Wengi hununua pangaboi jipya kwa ugonjwa huo, na fedha inapotea bure.

Legeza skrubu ya chini ya gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, sili zimekufa. Kompresheni (mgandamizo) za silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10.

Jambo linalosahauliwa sana ni zinki, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya mashine. Baharini zinki ni sahihi. Kwenye maji baridi ya Nyasa inajifunika utando na kuacha kazi, na kutu inahamia kwenye aluminiamu ya mguu wa mashine. Weka za magnesiamu. Boti ikirudi baharini ziondoe, maana chumvi huzimaliza upesi.

Kwa safari ya barabarani, ishushe mashine uifunge peke yake kwenye fremu. Kona za mlima Kitonga na mashine imening'inia nyuma ya trela huweza kuupasua huo ubao wa tezi uliotoka kuukagua.

*Mbao za paini za Sao Hill ni nyingi na rahisi huku kwetu. Je, tunaweza kuunda boti ya mwendo kasi? — Msomaji, Mafinga*

Tumia paini kwa kalibu ya kuundia na kwa magogo ya kuiegemeza boti. Kwa mwili wenyewe, hapana. Paini isiyotiwa dawa huoza upesi ikikaa na unyevu, na vifundo vyake hupasuka wimbi likipiga kwa kasi. Plaiwudi ya majini iliyofunikwa epoksi na kitambaa cha faiba, mataruma yakiwa ya mninga au mvule, hutoa boti nyepesi na imara. Kingo zote za plaiwudi zinyweshwe epoksi kabla ya kufungwa, maana kuoza huanzia huko.

*Ni bora mashine moja ya 115 au mbili za 60? — Msomaji, Mbeya*

Mbili huongeza uzito, hunywa zaidi na zinadai huduma maradufu. Watu huzinunua wakiamini moja ikizima nyingine itawafikisha, na ni kweli, ila zikinywea tangi moja lenye maji huzima zote kwa dakika zilezile. Ukichagua mbili, kila moja iwe na tangi lake na chujio lake. Sisi tungefunga moja kubwa pamoja na ndogo ya farasi 10 yenye shafti ndefu na tangi la pembeni. Haitaipandisha boti juu ya maji, lakini itaielekeza omo kwenye wimbi na kuwatoa karibu na miamba. Iwashwe kila safari, dakika tano, na uangalie mchirizi wa maji ubavuni mwake. Usipotoka, huenda impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, imekufa. Itengenezwe kabla ya kuondoka ufukweni.