Mwaniuliza kwa nini nilimlilia mzee wa redio

Shangazi, shikamoo. Najua swali lako kwenye grupu ya familia uliliweka kama utani, ile picha yangu nimesimama kwenye theluji mbele ya sanamu ya mzee wa kizungu macho mekundu, ukaandika "kijana wetu ashakuwa mzungu, babu yake hakuja kumzika ila mtangazaji wa mpira anamlilia", na binamu wote wakacheka. Nilicheka na mimi. Halafu nikakaa nalo mwezi mzima, sasa wacha nijibu, na nitajibu lote hata yale huwa siandiki.

Mzee mwenyewe aitwa Bob Uecker. Alifariki tarehe 16 Januari 2025, alikuwa amebakisha siku kumi tu afikishe miaka 91. Alizaliwa hapahapa Milwaukee, huku Marekani ninakoishi, na tangu 1971 alikuwa anatangaza redioni mechi za Brewers, timu ya besiboli ya mji huu, misimu 54. Na zamani alicheza mwenyewe, ila alikuwa mbovu! Miaka sita ligi kuu alipiga homrani 14 tu, homrani ni ule mpira unaogongwa mpaka unatoka nje ya uwanja, wengine wanapata hizo kwa miezi mitatu. Na huo ubovu ndio ulimpa ugali, manake maisha yake yote alikuwa anajicheka. Aliwahi kuigiza tangazo la bia la runinga, anajigamba kwamba amewekewa kiti cha mbele kabisa, mara unamwona yuko juu kule mwisho wa uwanja peke yake. Basi wakamjengea sanamu mbili, moja nje ya uwanja na ya pili imeketishwa safu ya mwisho kabisa kule juu, nyuma ya nguzo. Nani kwetu ukimfanyia hivyo hakasiriki?

Sasa uelewe kitu kimoja kuhusu huu mchezo ndio uelewe kilio. Ligi ya mpira wetu ni mechi moja kwa wiki, basi. Besiboli ni mechi 162 msimu mmoja, karibu kila siku kutoka mwisho wa Machi mpaka Septemba, na mechi moja inakula saa mbili na nusu, tatu, na humo ndani muda mwingi hakuna kinachotokea, mrushaji anajikuna, anatema mate, anaangalia mbingu. Ule muda mtupu lazima mtu aujaze na maneno, na mzee alikuwa anaujaza na hadithi, mara kavua samaki gani, mara kocha alimwambia nini 1964, wakati mwingine wasahau hata mabao ni ngapi. Mpira ukipaa anaanza kuuambia inuka, inuka, toka hapa, halafu, umeenda! Mtu akikuongelesha hivyo jikoni kwako kila jioni miezi sita, huyo si mtangazaji tena.

Mimi niliingizwaje? Kazi. Nyumbani nimewaambia niko "hospitali" na nimewaacha muamini mnavyotaka. Ukweli nafanya kazi ya kutunza wazee, nawaogesha, nawabadilisha, nawalisha, shifti ya jioni mpaka usiku, na nyingine juu yake bili zikinibana, na zanibana kila mwezi. Kulikuwa na mzee mmoja chumba cha mwisho, wiki za kwanza haongei na mimi isipokuwa "ongeza sauti" na "punguza sauti". Redio yake ilikuwa kwenye 620 AM, WTMJ, siku zote hapo tu. Mimi nilikuwa sielewi kitu, nasikia Kiingereza kinaenda kama maji. Siku moja Uecker akasema kitu, mzee akacheka mpaka akakohoa, nikacheka kwa sababu yeye kacheka, akaniangalia akauliza, umeelewa? Nikamwambia hapana. Basi akaanza kunifundisha. Misimu miwili, Shangazi. Kiingereza changu cha huku, kile cha utani na cha kujibu watu, nimekitoa pale kitandani na kwenye ile redio. Watoto wake niliwaona Krismasi, mara moja, na koti hawakuvua.

Alikufa Novemba. Nilikuwa na ofu siku mbili, kurudi nikakuta kitanda kimetandikwa shuka mpya na dirisha liko wazi, redio haipo. Hakuna aliyenipigia, kwani mimi nani? Nikapewa chumba kingine nikaendelea. Huku hakuna matanga, hakuna kukaa mkekani na watu, mazishi ni ya kualikwa.

Na babu nilimzika kwa simu. Nyie mko makaburini saa nne asubuhi, mimi ni saa saba usiku niko stoo ya mashuka, simu nimeiegemeza kwenye boksi la glavu, mtandao unakata. Niliwaambia nimekosa ruhusa kazini. Uongo. Makaratasi yangu yalikuwa bado yanashughulikiwa, ningetoka nisingerudi, na niliona aibu kusema.

Basi Uecker alipokufa familia yake ikatoa habari kwamba alikuwa na saratani ya mapafu tangu mwanzo wa 2023 na bado msimu wa 2024 alitangaza, mechi yake ya mwisho Oktoba Brewers wakatolewa na Mets, timu ya New York, raundi ya tisa, ile ya mwisho, wakiwa karibu kabisa kushinda. Miaka 54 ya kutangaza, na Brewers hawakubeba kombe la ubingwa hata moja. Nikaendesha gari nikaenda pale kwenye sanamu. Watu wazima, wanaume wa makofia ya kuwindia, wameweka maua na mipira na makopo ya bia kwenye theluji, na wanalia hadharani, huku ambako jirani yangu tuliyekaa naye miaka mitatu sijui jina lake. Bibi mmoja akaniuliza ulikuwa unamsikiliza na nani. Hakuuliza umetoka wapi. Hapo ndipo nilipoangusha kilio, na sijui nilikuwa namlilia nani, labda wote watatu.

Halafu tarehe 7 Februari akafariki Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wetu wa redio wa Kenya, na grupu yote ikawa msiba, na wewe Shangazi ndiye wa kwanza kutuma sauti yake, ukisema huyu ni mtoto wetu wa Frere Town hapa Kisauni, ukakumbusha vile mwaka 1982 wanajeshi walimtoa kwake akasome habari za mapinduzi. Ulilia kwenye voisi, nilikusikia. Mlikuwa mmekula naye lini? Sikuuliza, manake mimi pia nililia, nikakumbuka babu anatunyamazisha sote Jumapili akisikiliza kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?", na mechi za Harambee Stars akiwa amebana redio sikioni kana kwamba Mambo anamnong'oneza yeye peke yake.

Makaratasi yametoka, sijawaambia. Nakuja Desemba. Ile redio ya babu, ya ngozi iliyochanika, mara ya mwisho niliiona mama anaitumia kuzuilia mlango wa stoo. Aendelee tu, lakini msiiuze.