Umbo la protini linajulikanaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kitabu chetu cha biolojia kina picha ya protini ya bakteria, imejikunja kama utepe. Hadubini ya shule hata bakteria mwenyewe haimwonyeshi vizuri. Picha hiyo ilipigwaje? – Mwanafunzi wa kidato cha sita, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ile haikupigwa, ilikokotolewa. Mawimbi ya mwanga ni marefu mno kuonyesha atomi. Ya eksirei ni mafupi ya kutosha. Ila protini moja hutawanya eksirei kidogo sana, hivyo ni lazima zipangwe kwa mamilioni, safu kwa safu, ziwe fuwele.

Kazi iko hapo. Nilipokuwa masomoni nilining'iniza tone la protini chini ya kioo, juu ya kisima cha maji ya chumvi kali, ili tone likauke polepole. Lisozaimu, protini ya ute wa yai, iliota fuwele kwa siku moja. Protini ya bakteria niliyopewa baadaye ilinichukua miezi saba: kila asubuhi nafungua, naona mashapo ya kahawia tu. Siku nilipoona kingo zilizonyooka, ziking'aa, niliita chumba kizima.

Fuwele huvuliwa kwa kitanzi chembamba, hugandishwa kwa naitrojeni kimiminika, kisha huzungushwa mbele ya eksirei. Eksirei zikitawanyika, hutoka maelfu ya madoa. Kutokana na ukali wa madoa hayo, na msaada wa atomi nzito kama zebaki, kompyuta huchora mahali elektroni zilipo, nasi tunapachika atomi humo.

Mfano ninaoupenda ni KcsA, protini ya Streptomyces lividans, bakteria wa udongoni. Ni mlango wa potasiamu kwenye utando wa seli. Sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu, mbona ndiyo inayozuiwa? Mwaka 1998 Roderick MacKinnon, daktari aliyeacha tiba akaingia maabara, alionyesha umbo la KcsA akiwa na wenzake, New York. Ndani ya njia nyembamba atomi za oksijeni zimeizunguka potasiamu kama maji yanavyoizunguka, hivyo potasiamu huyavua maji yake bila hasara. Sodiamu, kwa udogo wake, haizifikii zote, inabaki na maji yake nje. MacKinnon alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Ukipata intaneti, fungua Protein Data Bank, hifadhi ya maumbo ya protini, andika 1BL8, namba ya KcsA. Ni bure. Ligeuze umbo ulitazame kutoka juu: utaona vipande vinne vinavyofanana, na tundu katikati.