Mahandaki ya majaribio ya wanaakiolojia kwenye shamba la kujenga: wanatafuta nini hasa

Mkuu uliyeuliza kuhusu lile shamba la hekta 10 huko Uingereza mnalotaka kujenga nyumba, halmashauri imewaambia hakuna kibali mpaka wanaakiolojia wachimbe kwanza, na ripoti ya vipimo vya sumaku imeonyesha mistari mistari na viduara kila kona. Nimeifanya kazi hii kwa mikono yangu, mwiko na chepeo, kwenye mashamba ya kule kule kabla sijahamia upande wa kuandika ripoti, kwa hiyo ngoja nikueleze. Umeuliza kwanini mahandaki marefu na sio vishimo vidogo, kama watachimbua shamba lote, na wakikuta kitu mradi unakufa au vipi. Naanza na la mwisho maana naona ndo linalokunyima usingizi.

Mradi haufi, au niseme ni nadra mno kufa. Kule tangu 1990 ulipotoka mwongozo wa serikali uliokuwa unaitwa PPG 16 utaratibu ni kwamba habari za kilichopo ardhini zijulikane kabla ya kibali kuamuliwa, na anayetaka kujenga ndo anabeba gharama. Mwaka mmoja nyuma yake, 1989, mabaki ya ukumbi wa maigizo wa Rose, wa enzi za Shakespeare, yalifukuliwa London kwenye saiti ya jengo la ofisi, zikapigwa kelele mpaka mitaani, na somo lilikuwa wazi kwamba kugundua kitu mashine ziko tayari kumwaga zege ni hasara kwa kila mtu. PPG 16 ilishafutwa, siku hizi kanuni zimo kwenye NPPF, mwongozo wa kitaifa wa mipango ya ujenzi, wa 2012 kuendelea, ila wazo ni lile lile. Hata nje ya Uingereza wanaenda hivyo hivyo, Ulaya kuna mkataba wa Valletta wa 1992 wa kulinda mabaki ya kale, na Ufaransa wana taasisi ya umma kabisa, Inrap, tangu 2002, kazi yake ndo hiyo. Kwa hiyo hawa jamaa hawajaja kukuwinda wewe.

Sasa mahandaki. Kishimo cha mita moja kwa mita moja ukikuta udongo mweusi chini yake hujui umeangukia shimo la taka, mtaro, au mzizi wa mti uliooza miaka elfu moja iliyopita. Handaki la mita 50 kwa 2 linakata mandhari, mtaro wa kale ukipita unauona unaingia upande huu unatokea upande ule, unajua upana wake, unajua unaelekea wapi, na handaki la jirani likiukamata tena tayari una mstari wa mpaka wa shamba la watu waliokufa kabla ya Warumi hawajafika. Hesabu yake ni rahisi, hekta 10 ni mita za mraba 100,000, wakisema asilimia 4 ni mita za mraba 4,000, yaani mahandaki 40 ya vipimo hivyo. Kwa hiyo hapana, hawachimbui shamba lote. Asilimia 96 haiguswi kabisa katika hatua hii, na hata kwenye mahandaki yenyewe hawamalizi kila kitu, mtaro wanakata kipande cha kama mita moja, shimo wanachimba nusu, wakishapata jibu wanaacha.

Linachimbwa na eskaveta, lakini ndoo yake sharti iwe ya mdomo bapa isiyo na meno, ukiona imekuja na meno uliza. Inakwangua udongo kidogo kidogo huku mwanaakiolojia anatembea mbele yake macho chini mkono juu, mkono ukishuka mashine inasimama. Udongo wa juu unawekwa rundo lake na ule wa chini yake rundo lake ili wakifukia virudi kwa mpangilio, hii mwambie mkulima mapema maana ndo ugomvi wao mkubwa. Wanasimama pale udongo asilia unapoanza, ule ambao binadamu hajawahi kuuchezea, au pale juu ya mabaki yenyewe. Dereva mzuri wa eskaveta ana thamani kuliko nusu ya timu, sitanii, kuna dereva nilikuwa nafanya naye kazi alikuwa anahisi mabadiliko ya udongo mikononi kabla mimi sijayaona kwa macho.

Shamba lenye mabaki ya zama nyingi, kama lenu linavyoonekana, ndo penye kazi. Watu wakisikia zama nyingi wanafikiria matabaka yamepangana, ya kale chini ya karibuni juu, hiyo iko zaidi mijini. Shambani plau imepita karne kwa karne, sakafu, majivu ya jikoni, njia, vyote vimesagwa, kilichobaki ni yale tu yaliyochimbwa chini zaidi ya plau inapofika. Kwa hiyo shimo la nguzo la Zama za Shaba Nyeusi, mtaro wa boma la Zama za Chuma, mpaka wa shamba wa enzi za Warumi, mifereji ya matuta ya wakulima wa zama za kati, na mabomba ya udongo ya kutoa maji ya juzi juzi tu, vyote vinakutokea kwenye usawa mmoja, sentimita 30 au 40 chini ya majani, kama maandishi ya watu watano juu ya ukurasa mmoja ambao haujafutwa. Ukitazama kwa juu unaona madoa ya kahawia kwenye udongo wa njano basi.

Ndo maana wachimbaji wanapenda sana makutano. Kuna handaki moja mitaro miwili ilikatana karibu na ncha yake, mmoja unaelekea kaskazini mwingine mashariki, na jua lilikuwa kali udongo ukakauka rangi zikapotea zote ikawa njano tupu. Tukamwagia maji kwa kinyunyizio cha bustani, tukasubiri, rangi zikarudi lakini bado huoni nani kampita nani. Ikabidi tukate kwenye makutano yenyewe, umbo la herufi L, tukasawazisha upande wa wima kwa mwiko mpaka ukawa laini, na pale ndo ikaonekana, mistari myembamba ya tope na changarawe iliyojaza ule mtaro wa kaskazini inakuja vizuri halafu inakatika ghafla kama imekatwa kwa kisu, na udongo mweusi wa mtaro wa mashariki unapita moja kwa moja bila kukatika. Aliyekatwa ndo mkubwa kwa umri, aliyekata ndo mdogo. Hapo kila kitu kinapewa namba yake, tundu lenyewe namba na udongo uliolijaza namba nyingine, picha, mchoro wa 1:10 au 1:20, halafu namba zote zinaunganishwa kwenye mchoro wa nani kamtangulia nani ambao alibuni Edward Harris mwaka 1973 na mpaka leo dunia nzima inautumia.

Mpangilio huo hauna tarehe lakini. Tarehe inatoka kwenye vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, na vigae ni waongo wakiachwa peke yao. Kwenye ule mtaro wa kale zaidi, chini kabisa tulipata vigae vinene vyeusi vya kufinyangwa kwa mkono, ukivivunja vinamomonyoka na ndani vina vipande vyeupe vya gumegume iliyochomwa, kazi ya kabla ya Warumi hiyo. Juu yake, mtaro ule ule, kijivu kigumu cha gurudumu, cha Kirumi. Anayeharakisha atasema mtaro wa Kirumi. Kumbe mtaro ukichimbwa haujai siku moja, chini unajaa haraka kingo zikibomoka, halafu unabaki bonde dogo miaka na miaka, mpaka vitukuu vya mchimbaji wanatupia taka zao humo na Warumi wameshaingia mwaka 43 BK. Kwa hiyo tarehe ya kuchimba itafutwe chini, ya juu inakuambia tu lini watu waliacha kuona bonde. Na kinyume chake kipo, mifereji ya matuta ya zama za kati imejaa vigae vya Kirumi kibao kwa sababu plau ilikwangua mitaro ya chini ikaviburuta, hapo kigae ni cha kale lakini kilichokibeba ni cha karibuni. Ripoti ikikuambia "Kirumi" kwa kila chenye kigae cha Kirumi, rudisha.

Utasikia mtu anasema si wapeleke mkaa maabara upimwe kaboni ili ujulikane umri wake. Watapeleka baadhi, ndio, na watachukua ndoo za udongo, kawaida kama lita 40 kwa sampuli, waoshe watafute nafaka zilizoungua. Ila kaboni ina shimo lake baya pale pale mnapopataka, kati ya takriban 800 na 400 KK mstari wa kusahihishia tarehe umelala bapa, kitu cha 750 na cha 450 vinatoa jibu karibu sawa. Kwa mashamba ya mwanzo wa Zama za Chuma unaweza kulipa maabara ukarudishiwa miaka 350 ya kuchagua mwenyewe, wakati mtaalamu wa vigae akitazama ukingo wa chungu anakupa jibu bora bila kwenda maabara.

Kuhusu ile ripoti yenu ya sumaku. Kipimo kile kinasoma tofauti ndogo mno, uga wa sumaku wa dunia pale ni kama nanotesla 50,000 (nanotesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) na mtaro wa kale unabadilisha nanotesla chache tu, kwa hiyo usishangae ikikosa vitu. Mitaro iliyojaa udongo mweusi na tanuri itaiona, makaburi na mashimo madogo ya nguzo mara nyingi haioni. Na mistari mingine itakuwa mabomba ya kutoa maji au bomba la chuma la mkulima. Ndo maana mahandaki mengine yatawekwa juu ya mistari makusudi na mengine yatawekwa palipo tupu, na wateja wengi wanakasirika hapo, wanasema mbona mnachimba pasipo na kitu. Handaki tupu ni jibu. Nyumba zako zinataka kukaa hapo hapo palipo patupu, bila handaki tupu unathibitishaje kwamba ni patupu?

Hapo nina ugomvi wangu binafsi na wanaobana asilimia. Zamani asilimia 2 ilikuwa kawaida, sasa mara nyingi utadaiwa 4 au 5, na wateja wanabishana kila namba. Mitaro mirefu utaikamata hata kwa 2, inapita kila mahali. Lakini vibanda vya Waanglo-Saksoni wa mwanzo vilivyochimbiwa chini, mita 3 kwa 4 hivi, bila mtaro wa kuvizunguka, au makaburi machache yaliyokaa pamoja, vinalala vizuri kabisa kati ya handaki na handaki na hakuna anayejua. Nimeona mradi mmoja, sitautaja, walibana mahandaki mwanzoni wakajipongeza, halafu wakati wa kukwangua barabara za ndani vikatoka vibanda, wakasimamisha mashine zilizokodiwa kwa siku. Ile akiba yao ya mwanzo ilikwenda na zaidi. Na kama sehemu ya shamba iko bondeni karibu na mto waambie wapime kina cha tope kwanza, maana handaki la kawaida linaweza kuishia juu juu bila kuyafikia mabaki. Must Farm karibu na Peterborough, kile kijiji cha juu ya maji kilichoungua takriban 850 KK, kilikuwa kimezikwa chini ya tope na kilijulikana baada ya nguzo za mbao kuonekana zimetokeza ukingoni mwa machimbo mwaka 1999.

Mifupa ya binadamu ikitokea usipanik. Kuna sheria ya mazishi ya 1857, kuiondoa kunataka leseni ya Wizara ya Sheria, na kwenye hatua ya majaribio mara nyingi wakishathibitisha ni kaburi wanalifunika kwa uangalifu wanaliacha hapo. Dhahabu au fedha ya zaidi ya miaka 300 inaangukia sheria ya hazina ya 1996, taarifa kwa coroner, yule afisa anayechunguza vifo na hazina zilizookotwa, ndani ya siku 14, timu inajua utaratibu, wewe hakikisha tu hakuna fundi wenu anayeingiza kitu mfukoni.

Baada ya ripoti mwanaakiolojia wa kaunti ndo anashauri halmashauri, na majibu huwa haya haya: hakuna cha maana endelea, au chimba eneo fulani lote kabla ya ujenzi, au wakati wa kukwangua awepo mtu anatazama, au hamisha nyumba kadhaa na ile sehemu ibaki uwanja wa watoto au bustani bila msingi wowote. Hili la mwisho watu wanalisahau na ndo mara nyingi rahisi kuliko yote, ila linawezekana tu kama ramani ya nyumba haijafungwa. Kwa hiyo wachimbe mapema, mkulima akishavuna, kabla mvua za baridi hazijageuza mahandaki kuwa mabwawa, na mchoraji wenu asubiri ripoti kabla ya kukaza mistari.

Ile ramani ya sumaku ukitaka niitazame iweke hapa, ila kata jina la kijiji na namba za jiografia. Kuna wezi wanaokuja usiku na vitambua-chuma, wakishajua shamba lina mabaki utakuta mashimo asubuhi na vigae vimetupwa pembeni. Na niambie pia udongo wa pale ni mfinyanzi, chaki au changarawe, maana kwenye mfinyanzi kile kipimo huwa kinaona vibaya zaidi na ningependa mahandaki matupu yawe mengi kuliko walivyopendekeza.