Majibu "hasi" yasikufanye umtoe kasuku karantini

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya kutunza kasuku hapa Mwanza, karatasi ya maabara iliyoandikwa "hasi" haisemi kwamba ndege ni mzima. Inasema kwamba sampuli ile, ya siku ile, haikuonyesha virusi. Nimeona watu wakimchanganya ndege mgeni na wenzake jioni ileile majibu yalipofika, na roho huniuma, maana ndege waliokuwemo ndani hawakuulizwa.

Chukueni bornavirusi, vilivyogunduliwa mwaka 2008 kuhusika na ugonjwa unaopanua mfuko wa chakula ulio kabla ya firigisi. Ndege aliyeambukizwa huvitoa kwa vipindi: leo vimo kwenye kinyesi, wiki ijayo havimo. Kumpima mara moja ni kupiga ramli. Rudieni, na katikati ya vipimo kagueni kinyesi kila asubuhi. Mkikuta punje nzima za mtama au alizeti, huku ndege anakula vizuri na bado anakonda, mwiteni daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kukonda kwenyewe manyoya hukuficha. Nunueni mizani ya jikoni inayosoma gramu, fungeni kijiti juu yake ndege atue mwenyewe, mpimeni asubuhi kabla hajala, na mwandike daftarini. Kasuku wa kijivu mzima huwa na gramu 400 hadi 500 hivi, kwa hiyo akipungua 40 msingoje. Wale wadogo wa Fischer, wa kijani wenye duara jeupe machoni, ambao kwao ni huku kusini mwa ziwa, wana gramu 50 hivi tu. Kwao gramu tano ni nyingi.

Ugonjwa wa mdomo na manyoya ndio unaonitisha zaidi. Sirkovirusi wake hawana utando wa mafuta, basi sabuni ya kawaida haiwamalizi, na hudumu muda mrefu kwenye vumbi la manyoya. Msisubiri kuona ndege aliyenyonyoka: kifaranga wa kasuku wa kijivu anaweza kufa ghafla, chembe nyeupe za damu zimeisha, na manyoya yake hayana kasoro.

Vumbi hilohilo ndilo linaloharibu sampuli. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi, hunasa hata chembe ndogo iliyopeperuka kutoka tundu la jirani, kisha mnamhukumu ndege asiye na kosa. Badilisheni glovu kwa kila ndege. Msiokote unyoya sakafuni. Ng'oeni unyoya mchanga kifuani, ule ambao shina lake bado lina damu, utieni kwenye bahasha mpya bila kugusa shina. Damu ni bora zaidi. Iwekeni kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, na kama mnatumia barafu ya wavuvi kutoka Mwaloni, izungushieni chupa kitambaa kwanza, kwa sababu damu ikiganda kwa baridi chembe zake hupasuka. Kabla ya kupeleka, pigieni simu maabara, iwe ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) hapa mjini au nyingine, muulize wanapima virusi gani na wanataka sampuli ipi.

Akitoka "chanya" kwa sirkovirusi bila dalili yoyote, tafadhali msimuue. Mtengeni, mrudie kumpima baada ya siku 90 hivi. Ndege wazima wengi huvishinda virusi hivyo. Katika muda huo hudumieni kwanza vifaranga, kisha wakubwa, na aliyetengwa awe wa mwisho, kwa koti lake na ndoo yake.

Ndege akifa ghafla msimzike. Huenda ni herpesi ya Pacheco, virusi vinavyoua kasuku ghafla, na mzoga ndio ushahidi pekee mlio nao. Lowesheni manyoya kwa maji ya sabuni vumbi lisiruke, vaeni barakoa kwa ajili ya homa ya kasuku, ambayo ni bakteria na humwingia binadamu mapafuni. Mfungeni kwenye mifuko miwili, mwekeni kwenye friji isiyo ya chakula, si kwenye friza, na afike maabara ndani ya siku moja.